Pombe ya asali na msitu wa Mau

Asali ya msitu wa Mau, nchini Kenya, haina ladha moja. Watu wa jamii ya Waogiek wa Tinet, huku Kuresoi, na wenzao wa Mariashoni walitundika mizinga ya magogo ya mwerezi katika miinuko mbalimbali, kwa kuwa kila mwinuko una maua yake na msimu wake. Mti wa silibwet ukichanua, nyuki hawatafuti kwingine. Sehemu ya asali ililiwa, nyingine ikabadilishwa na Wamaasai na Wakipsigis kwa mifugo na nafaka, na nyingine ikachanganywa na maji na kuwekwa karibu na moto mpaka ichachuke. Pombe hiyo ndiyo wazee waliyoitumia kubariki ndoa na jando, nami nashikilia kuwa ni ya Mau, si ya kwingine. Mtu atapinga akisema pombe ya asali iko kila mahali: Waethiopia wana tej, Wakikuyu wana muratina. Ni kweli, lakini hata mpunga huota sehemu nyingi za Asia, na bado Japani ilikubali mwaka 2005 kuwa jina Hakusan ni la sake, pombe ya mchele, ya eneo la Hakusan peke yake, kwa sababu ya maji na ufundi wa pale. Njia ya kutengeneza huweza kusafiri; mti wa porini hausafiri.

Pingamizi zito zaidi linahusu ulevi, na familia zilizozika watoto wao kwa pombe haramu zina haki ya kulitoa. Hata hivyo, chang'aa iliyopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, kisha ikahalalishwa kwa masharti mwaka 2010 kupitia sheria ya kudhibiti vileo tunayoiita ya Mututho, hukenekwa. Pombe ya asali haikenekwi, huchachuka tu, na ilinywewa kwa hafla chini ya macho ya wazee. Kuziweka kapu moja ni kuionea.

Kilichoidhoofisha pombe ya asali hasa ni kupotea kwa msitu na kwa haki ya Waogiek juu yake. Mwaka 1933 Tume ya Ardhi ya Carter, ya enzi ya ukoloni, ilipendekeza Waogiek wahamishiwe katika maeneo ya makabila mengine. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ilikataa dai la Waogiek wa Tinet, ikieleza kuwa hawaishi tena kama mababu zao. Mwaka uliofuata serikali ikamega zaidi ya hekta 60,000 za Mau. Silibwet zikaanguka, viazi na chai vikapandwa. Wengine husema mizinga ya kisasa inaweza kuwekwa hata shambani. Inaweza, na asali itapatikana, ila itakuwa asali ya maua ya shambani, na pombe yake itakuwa nyingine. Ndiyo maana naiona hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, ya tarehe 26 Mei 2017, kuwa inahusu kinywaji hiki pia: ilitamka kwamba Kenya ilivunja haki ya Waogiek juu ya ardhi, dini na utamaduni wao. Mwaka 2022 mahakama hiyo iliamuru walipwe fidia, shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine, na warudishiwe ardhi ya mababu kwa hatimiliki ya pamoja.