Damu Ndani ya Chupa ya Chai

Kila wiki wauguzi wakuu wa vituo vya afya vya Nyantende, zoni ya afya iliyo kando ya jiji la Bukavu, huhesabu: surua wangapi, kipindupindu wangapi, watoto waliopooza ghafla wangapi, wajawazito waliofariki wangapi. Hesabu hiyo hupelekwa ofisi kuu ya zoni, kisha mkoani, kisha Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Bukavu. Muuguzi wa Kongo amekuwa akihesabu hivyo tangu zama za Wabelgiji. Kilichochelewa ni kumfundisha afanye nini na hesabu yake mwenyewe.

Malale ndiyo iliyoanzisha kazi hii. Mwaka 1903 Chuo cha Tiba za Kitropiki cha Liverpool kilimtuma Dakta Joseph Dutton na mwenzake John Todd kuichunguza malale nchini Kongo. Dutton hakurudi: Februari 1905 alifia Kasongo kwa homa ya papasi, ugonjwa mwingine aliokuwa akiutafiti huko. Baada yao vikaja vikosi vya Wabelgiji, kijiji baada ya kijiji, vikiwa na wauguzi Wakongomani waliopapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba na kuinamia darubini mchana kutwa. Watu wengi walikimbilia porini kwa kuogopa sindano ya mgongo. Wauguzi hao walikijua kimelea cha malale kwa macho yao, lakini udaktari walifungiwa mlango. Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi haikuwa na hata Mkongomani mmoja aliyehitimu udaktari katika chuo kikuu cha humo nchini. Ilibidi Shirika la Afya Duniani liwasaidie wasaidizi wa tiba waende Ufaransa kumalizia masomo.

Kasongo ilirudi tena mwaka 1971, wakati huo ikiwa bado ndani ya Kivu. Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp ilianzisha huko mradi wa vituo vidogo vya afya vinavyoongozwa na wauguzi, vyenye hospitali moja ya rufaa nyuma yao. Takwimu zake kuhusu chanjo ya surua zilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Miaka hiyohiyo Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iligawanywa katika zoni za afya 306 kwa mpango unaofanana na huo. Leo zimezidi 500, na Nyantende ni mojawapo.

Zoni zilipata wauguzi, daftari na fomu. Maabara hazikupata.

Septemba 1976 daktari Mkongomani, Jean-Jacques Muyembe, alifika Yambuku, kaskazini mwa nchi, ambako homa isiyojulikana ilikuwa ikiua wagonjwa na masista. Alichukua damu kwa mikono mitupu. Sampuli iliyokwenda Antwerp ilisafiri ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na kichupa kimoja kilifika kimevunjika. Katika sampuli hiyo ndimo Ebola ilimotambuliwa. Kati ya wagonjwa 318, walikufa 280. Ungedhani somo limeeleweka. Lakini mji wa Kikwit ulipowaka kwa Ebola mwaka 1995, damu ilipelekwa tena ng'ambo, hadi Atlanta, Marekani, ingawa Kinshasa ilikuwa na taasisi yake ya utafiti wa tiba, INRB, tangu 1984.

Atlanta ndiko mtaalamu wa milipuko Alexander Langmuir alikoanzisha mwaka 1951 mafunzo ya wapelelezi wa magonjwa: darasa fupi, kisha kazi ndefu huko huko kwenye mlipuko. Afrika Mashariki iliongeza kitu ambacho, kwa maoni ya mwandishi huyu, kilikuwa na uzito kuliko ufadhili wote. Mwaka 2004 Kenya iliwaweka mtaalamu wa milipuko na mtu wa maabara katika programu moja. Tanzania ikafuata mwaka 2008. AFENET, mtandao wa Afrika wa mafunzo haya, wenye makao yake Kampala, ulikuwa umeundwa mwaka 2005. Kongo ilipata programu yake mwaka 2013, katika Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa. Ngazi ya juu huchukua miaka miwili. Ngazi ya kwanza, takriban miezi mitatu, ndiyo inayomfaa mtu wa zoni, kwa sababu haimwondoi kazini. Anachambua takwimu za kwake, anachunguza mlipuko wa kwake, anajifunza kufunga sampuli isiharibike njiani.

Kivu Kusini, mkoa wa Nyantende, imeyajaribu mafunzo hayo kwa moto. Agosti 2019 Ebola iliingia Mwenga na msafiri aliyetoka Beni, lakini safari hii maabara za mashariki mwa nchi zilitoa majibu kwa saa chache. Septemba 2023 mpox ilizuka Kamituga, mji wa wachimba dhahabu, na uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha aina mpya ya kirusi, iliyoitwa Ib. Agosti 2024 dunia nzima ilitangaziwa dharura.

Bado kuna shida isiyotibiwa na cheti. Wauguzi wengi wa serikali ya Kongo huishi kwa marupurupu yanayochelewa, huku mashirika ya kimataifa yakiwatafuta waliofuzu. Na tangu waasi wa M23 walipoiteka Bukavu na uwanja wa ndege wa Kavumu, Februari 2025, sampuli inayotakiwa Kinshasa haiwezi tena kupakiwa tu kwenye ndege ya Kavumu.