Bonde Letu, Shamba Letu

Wazee wetu waliishi bondeni, wakilala kwenye madungu. Mto Rufiji ulipopungua walipanda mahindi ya mlau katika tope lililoachwa na maji. Baada ya mafuriko ya 1968 ikaja Operesheni Rufiji: tukahamishiwa vijiji vya juu, mashamba yakabaki chini. Wengi wetu tuliyafuata, tukajenga tena bondeni.

Aprili 2024 maji yalirudi, yakachukua mashamba na nyumba. Ndugu zetu mlioko mbali, sasa tunajenga juu. Bondeni tutashuka kulima. Mchango wako utanunua bati na mbegu. Mbegu iwahi, kwani maji yakishuka, unyevu wa mlau haumsubiri mtu.