Kipimo Kilichokula Wati 500

Ukipanda Kisugu, mtaa wa Kampala, kutoka Namuwongo, chini kule inakopita reli, utaikuta yaka hata kwenye nyumba za chumba kimoja: mita ya kulipia kwanza, ambayo kampuni ya Umeme ilianza kuisambaza 2011. Bonyeza tarakimu 20, taa zinawaka. Mita za zamani zilikuwa na kisahani cha alumini kilichozunguka kadiri umeme ulivyotumika. Yaka haina kinachozunguka. Ndani yake mna kigeuzi, saketi inayosoma voltiji na mkondo, vitu vinavyopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na kuvitoa vikiwa namba. Nimeifuata saketi hiyo nyuma hadi 1954.

Aprili mwaka huo Malkia Elizabeth II alifungua bwawa la umeme la Owen Falls, Jinja. Mwaka huohuo, Marekani, Bernard Gordon wa EPSCO alitoa Datrac, kigeuzi cha vali chenye biti 11. Kilisoma mara 50,000 kwa sekunde, kilikuwa na kilo 68 hivi, na kilikula wati 500. Yaka ya mpangaji ingekatwa uniti moja kila baada ya saa mbili.

Mbinu ya Datrac ni ya muuza nyama: weka jiwe kubwa la mizani, likizidi, ondoa, jaribu nusu yake, kisha nusu ya nusu. Mwitaliano Tartaglia aliandika hesabu ya mawe hayo 1556.

Mageuzi makubwa, kwangu mimi, ni ya McCreary na Gray, Berkeley, 1975. Badala ya rezista zinazopitisha mkondo muda wote, walipima kwa kapasita ndogo ndani ya chipu. Chaji hugawanywa upya, kisha hutulia. Umeme hutumika swichi inapogeuka tu. Tangu hapo usanifu umekuwa ubahili: punguza kapasita mpaka kelele ya joto ikuzuie, shusha voltiji, zima kilinganishi, saketi inayoamua kama jiwe limezidi, kikishaamua. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walionyesha chipu ya biti 10, iliyosoma mara milioni 1 kwa sekunde, kwa maikrowati 1.9.

Mita nyingi, hata hivyo, ni za ukoo mwingine, delta-sigma, uliotoka Tokyo 1962 kwa Inose na Yasuda: soma haraka mno, kwa biti chache, kisha chuja. Mita zenyewe zimekaa kwenye gridi. Miliwati kadhaa si hoja. Ni hoja kwa kifaa kinachoishi kwa paneli ndogo ya sola, ingawa hapo mlaji mkuu huwa redio inayotuma namba, si saketi iliyozipata.