Kiangazi Suguti: panda nini, uvune lini

Wadau, masika ikikata ziwa bado lipo. Chagua hivi:

Mchicha: wiki 3 hadi 4, hela ya haraka.

Sukuma wiki: miezi 2 unaanza kuchuma, unaendelea.

Kitunguu: kitaluni wiki 6, shambani miezi 3. Sia mapema Mei uvune Septemba, maana mvua ya vuli inaozesha.

Nyanya: kama miezi 3 tangu kuhamisha miche. Inalipa, ila kagua majani kila siku. Kantangaze yupo nchini tangu 2014, anamaliza shamba lote.

Angalizo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Kwa hiyo pigia hesabu mpira wa pampu kwanza, mbegu baadaye.

Wewe unapanda nini?