Kibudu, Halali na Kasheri

Nguruwe pori ni adui wa mkulima wa Kurui, tena adui asiyelika. Huingia shamba la mihogo usiku, akafukua mpaka karibu na alfajiri, na hata siku akinaswa hakuna sufuria inayomsubiri, maana wakazi wengi wa kata hii ya wilaya ya Kisarawe ni Waislamu. Kama kuna jirani ambaye dini yake haimkatazi, atapewa yeye, na utani utafuata kwa siku kadhaa. Kama hayupo, ni bahati ya fisi.

Nguruwe hana utata. Ni haramu akiwa porini, mtegoni na chunguni. Anayemsumbua mpenda maneno ni mbuzi. Mbuzi ni halali akiwa zizini, lakini akigongwa na pikipiki akakata roho kabla ya kisu kumfikia, nyama ni ile ile na mafuta ni yale yale, ila jina limebadilika: sasa ni kibudu.

Neno hili halitaji mnyama wala halitaji uchafu. Linataja namna ya kufa. Kiswahili kina majirani zake: mzoga ni mwili wa mnyama aliyekufa, awe tembo au panya, na nyamafu ni neno linalojieleza lenyewe, nyama na mfu. Lakini kwa masikio yangu kibudu lina kitu ambacho hayo mawili hayana, nacho ni mashtaka. Mzoga unaokotwa na kufukiwa. Kibudu mtu hulishwa. Ukisikia ugomvi buchani, neno litakalorushwa ni hilo, na aliyerushiwa atakula kiapo kwamba mnyama alichinjwa, alielekezwa kibla, na Bismillahi ilisomwa.

Waebrania nao wana neno la kibudu. Katika Torati huitwa nevela: mnyama ambaye angefaa kuliwa, lakini amekufa bila kuchinjwa inavyotakiwa. Pembeni yake kuna terefa, ambalo mwanzoni lilikuwa ni mnyama aliyeraruliwa na mnyama mwingine, kisha marabi wakalipanua likabeba kila mnyama mwenye dosari ya kumuua, mathalani tundu kwenye mapafu. Ndiyo maana mchinjaji wa Kiyahudi hamalizi kazi kwa kukata koo. Anapitisha ukucha kwenye makali ya kisu kuhakikisha hakina hata pengo dogo, anachinja, halafu anaingiza mkono kupapasa mapafu. Kwetu kazi hizo zina watu wawili. Ng'ombe walionunuliwa mnadani Pugu, hapo mlangoni mwa Kisarawe, wakifika machinjioni hukutana na mchinjaji mwenye kisu na mkaguzi mwenye muhuri, mmoja akiangalia dini na mwingine akiangalia ugonjwa. Kwa Wayahudi wa jadi kazi zote mbili ni za mtu mmoja aliyesomea, na zote ni dini.

Nyama ikishapita hapo, bado. Huloweshwa kwenye maji kwa nusu saa, ikapakwa chumvi ya chenga kwa saa nzima ili damu itoke, kisha ikasuuzwa. Nyama iliyofuata njia hiyo yote ndiyo Wazungu wanayoiita kosher, kutoka Kiebrania kasher, maana yake inayofaa, iliyo sawa. Sikio la Mswahili linaweza kudanganyika hapa, kwa sababu sisi tuna kukosha, yaani kuosha, na nyama hii kweli imekoshwa. Ni sadfa tupu.

Swali langu ni tuiite nini kwa Kiswahili. Wafasiri wenye haraka huandika "halali ya Kiyahudi." Msomaji anaelewa, naam, lakini anaelewa kitu kingine. Mchukue ngamia. Kwa Mwislamu wa Garissa ni nyama ya sherehe. Katika Mambo ya Walawi sura ya 11 ngamia amekataliwa waziwazi, kwa sababu anacheua lakini hana kwato zilizopasuka. Shuka mpaka soko la samaki la Feri, Dar es Salaam: pweza, ngisi, kamba, kaa, na papa mkavu ambaye bila yeye pwani isingekuwa pwani. Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi katika mwambao huu, wanakula vya baharini bila tabu. Myahudi anayeshika sheria atapita meza hizo zote mpaka akute samaki mwenye mapezi na magamba. Hata mtoni atachagua perege na kumwacha kambare. Msabato aliyesimama foleni nyuma yake atafanya hivyo hivyo, kwa sura hiyo hiyo ya Walawi. Wasabato wako nchini tangu 1903, walipoanzia Giti katika milima ya Upare, na majirani zao wamezoea kumwona Mkristo anayekataa nguruwe na kambare kwa pamoja.

Biblia zetu ziliongeza mkanganyiko kwa neno najisi. Wafasiri wa toleo la Union, lililokamilika 1952, walihitaji neno la wanyama waliokatazwa wakachukua hilo, neno la Kiarabu lililokwisha kukaa misikitini kwa karne nyingi likiwa na sheria zake: mkojo, damu, mbwa, jinsi ya kutawadha na kusafisha nguo. Matokeo yake ngamia akawa najisi kanisani na halali msikitini, katika mji mmoja na lugha moja. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani ambaye Biblia yake nzima ilitoka 1937, aliliona tatizo la aina hii akajaribu kuyapunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Wengi walimcheka, na Biblia yake haikushinda. Siungi mkono vita vyake dhidi ya Kiarabu, maana kukitoa Kiarabu katika Kiswahili ni kuitoa nazi katika wali wa nazi. Ila katika jambo hili moja angekuwa na hoja, kwa sababu upande wa Kibantu kuna neno lililokuwa likingoja kazi hii: mwiko.

Haramu na mwiko tunazitumia kama pacha, na si pacha. Haramu ni hukumu juu ya kitendo: kwa Mwislamu, nguruwe hamfai mwanadamu yeyote, na asiyejua ameghafilika. Mwiko unamshika mtu kwa sababu ya alivyo. Ukoo fulani hauli mnyama fulani, na ukoo wa pili unamla, na watu hao wawili wanaoana bila yeyote kumwona mwenzake mkosaji. Aliye na mwiko anaushika kwa kuwa yeye ni wa ukoo ule, basi. Hivyo ndivyo Torati inavyosema juu ya kibudu. Kumbukumbu la Torati 14:21 inawaambia Waisraeli wasile nevela, lakini inawaruhusu kumpa mgeni anayekaa kwao ale, au kumuuzia mtu wa taifa jingine, na sababu inayotolewa ni kwamba wao ni taifa lililotengwa. Nyama ile haikulaaniwa. Waliowekewa mpaka ni watu. Ndiyo maana pia mizani haiko sawa kati ya dini hizi mbili: Qurani, sura ya Al-Maida aya ya 5, inamhalalishia Mwislamu chakula cha waliopewa Kitabu, lakini Myahudi anayeshika sheria hali nyama iliyochinjwa na Mwislamu, hata kama kisu kilikuwa kikali na jina la Mungu lilitajwa.

Kiswahili kimetupa na zawadi nyingine. Mwiko ni katazo, na mwiko ni kile cha kusongea ugali. Jiko la Kiyahudi lina miiko miwili, mmoja wa nyama na mmoja wa maziwa, pamoja na sufuria na sahani za kila upande, kwa sababu ya mwiko wa kuchanganya viwili hivyo. Asili yake ni katazo la kumtokosa mwanambuzi katika maziwa ya mama yake, linalorudiwa mara tatu katika Torati. Wamasai nao kwa desturi yao hawachanganyi maziwa na nyama, na jambo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyomfanya Moritz Merker, ofisa wa Kijerumani, adai katika kitabu chake cha 1904 kwamba Wamasai wana asili moja na Waebrania. Nadharia hiyo haikusimama. Merker aliona miiko inafanana, akadhani damu ndiyo inayofanana.

Kama unataka Wayahudi wa Afrika Mashariki ambao hawakuletwa na nadharia ya mtu, panda mpaka Mbale, Uganda. Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao, alisoma Biblia mwenyewe, na mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe, akajitangaza Myahudi. Wafuasi wake ndio Abayudaya. Mwaka uliofuata alifika Myahudi mgeni, anayekumbukwa kwa jina la Yosef, akawafundisha kwa miezi kadhaa kalenda, sala na sheria za chakula. Tangu hapo Abayudaya wakawa wanachinja wenyewe, huku majirani zao Waislamu wakichinja vyao, na hata baada ya Idi Amin kupiga marufuku dini yao hawakwisha. Mwaka 2008 Gershom Sizomu, mwana wa jamii hiyo, alipata urabi Marekani. Hapo ndipo penye mfano wa kufaa: watu wa kijiji, mbuzi na kuku wa kijiji, na sheria nzima ya Torati.

Sisi huku suala la nani achinje tumelilipia kwa damu. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalishambuliwa Dar es Salaam. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mchungaji aliuawa katika ghasia za kugombea uchinjaji. Maneno hayakuanzisha ghasia hizo, wala kamusi isingezizima. Hata hivyo desturi ya zamani ya vijiji vingi, Mkristo kumwita jirani Mwislamu amchinjie kuku ili wageni wote wale, ilikuwa na ufahamu ambao mabishano ya 2013 yalikosa: kila mtu alijua mwiko ni wa nani, na aliyekuwa huru alimsogelea aliyefungwa.

Leo neno kuchinja lenyewe linabanwa. Uswisi ilikataza kuchinja bila kumzimisha mnyama kwanza tangu 1893, na Flanders huko Ubelgiji ikafuata mwaka 2019, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikalikubali katazo hilo mwaka 2020. Wayahudi na Waislamu walijikuta upande mmoja wa kesi. Mswahili aliyehamia Antwerp anahitaji neno la kumweleza mama yake nyumbani kwamba kondoo alipigwa shoti kwanza, kisha akakatwa. Amechinjwa huyo, au ni kibudu? Mama atajibu upesi kuliko mahakama.

Na huko Dar es Salaam chukua pakiti ya biskuti kutoka Marekani uitazame vizuri. Huenda ukakuta kiduara chenye herufi U ndani. Hiyo ni alama ya taasisi ya Kiyahudi ya New York, na ikiwa na D pembeni ina maana biskuti huhesabiwa kuwa za maziwa. Tunazila biskuti hizo miaka yote bila kuwa na jina la alama hiyo.

Jina liwe kasheri. Limechukuliwa kutoka Kiebrania kama halali lilivyochukuliwa kutoka Kiarabu, lina irabu mwishoni, na haliingii katika nyumba ya neno jingine. Mfumo mzima uitwe miiko ya chakula ya Kiyahudi. Nevela iandikwe kibudu, bila maelezo ya chini, kwa kuwa mkulima wa Kurui hayahitaji. "Halali ya Kiyahudi" nawaomba wahariri waifute popote wanapoikuta, na BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, wakiwa na nafasi katika orodha yao ya istilahi, waiweke kasheri kabla magazeti hayajatuzoesha "kosher" kwa herufi za mlazo.