Wazee, Kisomo na Chombo Kisikiacho

Historia ya kisomo cha watu wazima nchini Kenya aghalabu huelezwa kuwa ni historia ya herufi. Ajuaye kuandika jina lake huhesabiwa miongoni mwa walioelimika; asiyejua huwekwa kando. Tangu vilipozuka vyombo vipokeavyo amri kwa sauti, imedaiwa kwamba mzee hatahitaji tena herufi hizo. Dai hilo lafaa lipimwe kwa historia yenyewe.

Mnamo Desemba 12, 1978, Rais Daniel arap Moi aliagiza kwamba ujinga wa kusoma na kuandika ukomeshwe, na mwaka wa 1979 ikaundwa Idara ya Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yake wananchi waliyaita ngumbaru. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2006 ulionyesha kuwa watu wazima waliojua kusoma walikuwa asilimia 61.5 tu. Miaka miwili kabla ya hapo, Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, alikuwa ameingia darasa la kwanza mjini Eldoret ili aweze kusoma Biblia na kuhesabu fedha zake mwenyewe. Uzito wa haja hizo umo katika neno la mwisho: mwenyewe.

Mwezi wa Machi 2007 huduma ya M-Pesa ilianza. Ilimtaka mtumiaji asome maneno kwenye simu, kisha aingize namba ya siri. Mzee asiyejua kusoma ilimbidi amkabidhi mjukuu simu pamoja na namba hiyo. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Na hapa kata ilikuwa ni mjukuu. Fedha zilimfikia mzee upesi, lakini uhuru wake ulipungua.

Je, sauti yaweza kumrudishia uhuru huo? Mwaka wa 1952 maabara ya Bell, Marekani, ilitengeneza mtambo uliotambua tarakimu zilizotamkwa, tangu sufuri hadi tisa. Mwaka wa 2011 kampuni ya Apple ilitoa msaidizi wa sauti aitwaye Siri, jina ambalo kwa Mswahili lina maana nyingine kabisa. Siri alianza kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, Kiswahili hakukisikia.

Ili kuziba pengo la namna hiyo, mwaka wa 2021 shirika la Mozilla lilipata dola milioni 3.4 za kukuza mkusanyo wa sauti za Kiswahili katika mradi wa Common Voice. Njia kuu ya mradi huo ilikuwa kumwonyesha mtu sentensi iliyoandikwa, naye aisome kwa sauti. Hapa ndipo penye fundo. Asiyejua kusoma hakuweza kutoa sauti yake kwa njia hiyo. Na mtambo humwelewa vyema zaidi yule ambaye mfano wa sauti yake umewahi kuusikia.

Ni dhahiri, basi, kwamba chombo cha sauti nacho kimejengwa juu ya maandishi. Mazungumzo ya wazee yafaa yarekodiwe jinsi wayasemavyo wenyewe, katika lahaja zao, bila karatasi mbele yao. Wala ngumbaru isifungwe kwa kisingizio cha mitambo. Mzee anayesomewa salio lake na mashine bado ahitaji njia ya kujua kama amesomewa kweli.