Kazi ya Ngozi katika Mbulu na Hanang, na Mpango wa Kuchagua Vyombo

Mtu atakaye kujifunza kazi ya ngozi katika saa zake za nafasi, jambo la kwanza aulizalo ni bei ya mashine. La pili huuliza vyombo vya mkono, na la mwisho kabisa huuliza ngozi. Katika insha hii nataka kuonyesha, kwa kuifuata historia ya nchi yetu ya Mbulu na Hanang, ya kuwa mpango huo umepinduka. Wazee wetu walianza na kazi yenyewe. Kisha wakatafuta ngozi iifaayo kazi hiyo. Kisha wakatafuta chombo kiiwezacho ngozi hiyo. Aufuataye mpango wao hapotezi fedha. Aupinduaye mara nyingi hubaki na mashine iliyojaa vumbi pembeni mwa nyumba.

Najua msomaji aweza kunijibu kwa mithali, "Mchagua jembe si mkulima." Mithali hii ni ya kweli, lakini yamkemea mvivu atafutaye udhuru wa kutolima; haimsifu mtu alimaye kwa jembe lisilo na mpini. Kuchagua ni sehemu ya kazi, na katika kazi ya ngozi ni sehemu iliyo kubwa.

Tuanze na zamani. Kabla ya nguo za pamba kuenea katika nchi ya juu ya Mbulu na katika mbuga za Hanang, ngozi ilikuwa nguo, tandiko la kulalia, mfuko, kiatu, ngao na mbeleko ya mtoto. Lakini si kila ngozi ilifanya kila kazi. Ngozi nene ya ng'ombe ilifaa tandiko, viatu na ngao. Ngozi ya mbuzi au kondoo, iliyo nyepesi, ilifaa kuvaliwa na kubebea mtoto. Hata katika ngozi moja pana tofauti ya mahali na mahali: ya mgongoni ni imara wala haivutiki upesi, ya tumboni huvutika na kulegea, ya shingoni ina mikunjo. Asiyejua tofauti hii hukata mkanda tumboni, na baada ya miezi michache mkanda umekuwa mrefu kama kamba ya ng'ombe.

Kazi iliyosifiwa kuliko zote kwa Wairaqw ilikuwa sketi ya ngozi ya msichana. Wasichana walipotengwa kwa mafunzo yaitwayo marmo, walishona sketi zao na kuzipamba kwa ushanga wa rangi nyingi, nao walizivaa walipotoka mbele ya watu. Miaka ya 1930 ilipofika desturi ile ilikuwa ikikoma, na sketi zile zikaacha kushonwa. Leo baadhi yake zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na wageni husimama mbele yake wakistaajabia mistari ya ushanga iliyonyoka kama iliyopimwa kwa rula. Sisemi ya kwamba desturi ile irudishwe. Nasema ya kwamba mikono ile ilikuwa na elimu, na elimu ile haikutoka katika mashine. Kisu, chuma chembamba cha kutobolea, uzi, ushanga, na saa nyingi za uvumilivu: vitu hivyo vilitosha.

Upande wa Hanang, Wadatoga wana vazi lao la heshima, nalo ni sketi ya ngozi ya mwanamke aliyeolewa, iitwayo hanang'weanda. Vazi hili si nguo ya kusitiri mwili tu. Ni alama ya ndoa na ya heshima ya wanawake, na halichezewi. Na hapo twaona habari ya vyombo. Miongoni mwa Wadatoga kuna ukoo wa wahunzi, Gidang'odiga, ambao tangu zamani kazi yao ni kufua chuma, wala Wadatoga wengine hawakuoana nao. Karibu na Ziwa Eyasi wahunzi hawa bado hufua vyuma vikuukuu kuwa visu, vyembe vya mishale na bangili, wakivuvia moto kwa mivukuto ya ngozi. Basi tazama jinsi kazi hizi mbili zilivyoshikana: mhunzi humpa mtu wa ngozi kisu, na ngozi humpa mhunzi mvukuto.

Sasa tuseme juu ya ngozi na utengenezaji wake, maana hapo ndipo wengi huharibu. Ngozi mbichi ni kama nyama, ikiachwa huoza. Wazee waliiwamba kwa vigingi, wakaikwangua nyama na mafuta, wakaikausha, kisha wakaipaka siagi au mafuta na kuifikicha kwa mikono na miguu mpaka ilainike. Njia hii ni nzuri kwa kitu kisichonyeshewa sana. Lakini mafuta hayaibadilishi ngozi ndani yake. Ikilowa maji mengi hurudi kuwa ngumu, na pengine kunuka.

Njia ya pili ni ya magome. Magome ya miti fulani yana maji makali yashikayo nyuzi za ngozi hata zisioze tena. Zamani za Wadachi magome ya mikoko ya Rufiji yalipelekwa Ulaya kwa kazi hii. Baadaye mti wa muati ulisifiwa kuliko mikoko, na mwaka 1949 kampuni ya muati ilianzishwa Njombe ili kutoa dawa hiyo katika magome yake. Ngozi ya magome ni ya rangi ya kahawia, ni imara, na ikiloweshwa kidogo hupokea alama na nakshi, ikikauka huzishika. Msemo wa "Samaki mkunje angali mbichi" waifaa ngozi hii kabisa.

Njia ya tatu ni ya chumvi za kromu. Friedrich Knapp wa Ujerumani aliieleza mwaka 1858, na Augustus Schultz wa Marekani alipata hati ya njia yake mwaka 1884. Ngozi ya kromu hutengenezwa kwa siku chache badala ya majuma mengi. Ni laini, huvumilia maji, na kabla ya kutiwa rangi huwa ya buluu. Yafaa mifuko na viatu vya juu, lakini haishiki nakshi. Tena asithubutu mtu kuifanya nyumbani, maana maji yake machafu yakiingia mtoni hudhuru watu na ng'ombe. Ngozi ya namna hii inunuliwe imekwisha tengenezwa. Hata ile ya magome haifai kutengenezwa karibu na nyumba za watu. Twasoma katika Matendo ya Mitume ya kuwa Simoni, mtengenezaji wa ngozi wa Yafa, alikaa kando ya bahari, na kila aliyewahi kusikia harufu ya ngozi iliyolowekwa atafahamu faida yake.

Basi, ukienda kununua ngozi, iwe mnadani Katesh au Haydom, au kwa mchinjaji wa kijijini, uangalie mambo manne. Kwanza, geuza upande wa nyama utazame kama imekatwa na kisu cha mchunaji. Jeraha dogo upande huo huwa tundu siku ya kushona. Pili, tazama alama za moto na makovu ya kupe upande wa manyoya. Tatu, ikunje: ikiwa imekaushwa chini juani, pengine imeungua ndani, nayo hupasuka kwenye mkunjo. Kwa sababu hiyo serikali ya Waingereza iliwafundisha watu kuiwamba ngozi juu ya miti na kuikausha kivulini, penye hewa. Nne, inuse, harufu ya uozo haiondoki kwa rangi wala kwa mafuta. Kama huna nafasi ya kuikausha siku ile ile, ipake chumvi nyingi upande wa nyama. Nchi yetu haikunyimwa chumvi. Watu wa kando ya Ziwa Balangida huikusanya tangu zamani.

Sasa vyombo. Mwenye kuanza vyamtosha hivi: kisu kimoja kizuri pamoja na kinoo chake, msharasi, yaani chuma chembamba cha kutobolea chenye mpini, sindano mbili zenye ncha butu, uzi imara uliopakwa nta ya nyuki, rula ya chuma, nyundo, na gogo la mti mgumu la kukatia. Kupima nafasi za mishono waweza kutumia uma wa mezani: ukandamize juu ya ngozi, meno yake yataacha alama zilizo sawa. Usinunue visu vitano hafifu kwa bei ya kimoja kizuri. Kisu butu ni cha hatari kuliko kikali, maana hukulazimisha kusukuma kwa nguvu, na chuma kisukumwacho kwa nguvu huteleza.

Na juu ya hatari, kumbuka habari ya Louis Braille wa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi katika kijiji cha Coupvray. Mwaka 1812 mtoto huyu, akiwa na miaka mitatu, alichezea msharasi wa baba yake ukamchoma jicho, na baadaye macho yote mawili yakapofuka. Ni kweli ya kuwa alipokua alivumbua maandiko ya nukta wasomayo vipofu kwa vidole. Hata hivyo hakuna mzazi atakayeacha msharasi juu ya meza kwa kutumaini jambo hilo.

Mshono wa mkono hushonwa hivi: uzi mmoja hutiwa sindano kila mwisho, na sindano zote mbili hupita katika kila tundu, moja kutoka kushoto na moja kutoka kulia. Uzi ukikatika mahali pamoja, upande wa pili bado washika. Mashine hushona kwa nyuzi mbili zinazonasana katikati ya ngozi; uzi mmoja ukilika, mishono ya jirani hulegea. Kamba hukatikia pabovu, na mshono kadhalika. Ndiyo sababu matandiko ya farasi yaliyo bora hushonwa kwa mkono hata katika nchi zenye mashine nyingi.

Je, mashine haina faida? Inayo, lakini kwa wakati wake. Isaac Singer alipata hati ya cherehani yake huko Marekani mwaka 1851. Cherehani ya nyumbani huweza ngozi nyembamba ya mbuzi, ukitia sindano ya ngozi na kurefusha mshono. Ukiitia ngozi nene ya ng'ombe utavunja sindano na kuchosha mtambo. Ngozi nene yataka mashine yake ya pekee, ambayo mguu wake huinuka na kutembea pamoja na ngozi.

Tena wavumbuzi wa mashine wenyewe walianza na mikono. Jan Matzeliger alizaliwa Suriname mwaka 1852, mama yake akiwa Mwafrika. Alikwenda Marekani, akafanya kazi katika kiwanda cha viatu mjini Lynn. Kazi ya kuvuta ngozi juu ya kalibu na kuifunga kwenye soli ilikuwa ya mkono. Fundi hodari aliweza jozi 50 kwa siku. Matzeliger alitazama sana jinsi mikono ya mafundi ilivyokwenda, akaunda mfano wake kwa vipande vya mbao na waya, na mwaka 1883 akapata hati. Mtambo wake uliweza jozi 150 hata 700 kwa siku. Kama asingalifahamu mkono, asingaliunda mashine.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Usianze na viatu, maana viatu vyataka kalibu na ustadi. Anza na ala ya kisu, kisha mkanda, kisha jalada la Biblia au la kitabu cha nyimbo. Tumia vipande vidogo mpaka mishono yako inyoke. Ukiona watu wanaomba kazi zako kuliko saa zako zinavyoruhusu, siku hiyo ndiyo siku ya kuuliza bei ya mashine.

Nchi yetu ni nchi ya ng'ombe, lakini ngozi nyingi hutupwa au huozea nyuma ya machinjio, na watoto wetu huvaa viatu vya plastiki na makatambuga ya matairi. Wazee wajuao kuikwangua na kuilainisha ngozi wanapungua mwaka kwa mwaka. Tusingoje mpaka nao wajulikane katika makumbusho tu. Safari ijayo mbuzi akichinjwa nyumbani kwako, msimamie mchunaji, uiwambe ngozi kivulini, kisha umwite mzee mmoja na kijana mmoja waketi karibu nayo.